Bonde kwenye paji la uso: acheni kuniambia "jaza tu"

"Daktari, si unajaza tu hapo?"

Hapana, sijazi tu. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, nikaona heri niandike jibu lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nimtumie kiungo.

Imani yenyewe inakwenda hivi: paji likibonyea pana shimo, shimo hujazwa, cha kujazia ni fila, fila ni sindano ya dakika chache, na mambo yakienda mrama "inayeyushwa". Kila kipande cha maneno hayo kina ukweli kidogo, ndiyo maana hayang'oki vichwani mwa watu. Ukiviunganisha vyote unapata ushauri mbovu, na kwenye paji la uso ushauri mbovu unaweza kumgharimu mtu jicho.

Tuanze na kilichopungua. Chini ya ngozi kuna mafuta, msuli unaoinua nyusi, utando laini unaouwezesha msuli huo kuteleza, utando wa mfupa, halafu mfupa wenyewe. Mfupa nao una ukuta wa nje na wa ndani, na juu ya nyusi, kati ya kuta hizo, mna sainasi yenye hewa. Bonde linaweza kutoka kwenye tabaka lolote kati ya hayo, na kwenye picha ya simu yote yanafanana. Ndiyo sababu picha mnazonitumia usiku wa manane, zilizopigwa chini ya taa ya dari, hazinisaidii kitu. Mwanga wa juu hukikuza kivuli. Ukisimama ukitazama dirisha, bonde lilelile hutoweka. Wapo pia wanaoniletea umbo la kawaida la fuvu lao. Wanaume wengi wana mfupa wa nyusi uliotokeza, na juu yake pana mteremko. Huo si ugonjwa wala jeraha, ni paji lako.

Mimi huanza na kidole. Nazima taa ya dari, namulika tochi kutoka ubavuni, kisha napitisha ncha ya kidole polepole kutoka sehemu nzima hadi bondeni na kurudi. Nabana ngozi kwa vidole viwili, namwambia mgonjwa ainue nyusi, anune, alegee. Ngozi ikinyanyuka kama ya jirani yake na mfupa chini ukawa sawasawa, mara nyingi kilichopungua ni mafuta. Kidole kikikutana na ukingo mgumu, nauhesabu kuwa mfupa na sisemi zaidi mpaka nione CT, picha inayoonyesha mfupa kwa ndani. Lakini ngozi ikikataa kubanika, na nyusi zikipanda bonde likazidi kuzama, huenda hakuna kilichopungua sana. Kuna kilichoshikwa.

Hapo ndipo ninapokosa subira, maana hapo ndipo "jaza tu" inapoharibu zaidi. Kovu la kukatwa, la kugonga ukingo wa meza utotoni, la tetekuwanga, hata la kutolewa uvimbe wa mafuta, linaweza kuteremsha nyuzi zinazoifunga ngozi kwenye msuli au kwenye utando wa mfupa. Fikiria kifungo kilichoshonwa katikati ya mto wa kochi. Ukiongeza pamba, kifungo hakipandi. Mto unavimba pande zote na kifungo kinaonekana kimezama kuliko mwanzo. Fila hufanya hivyohivyo. Inafuata njia iliyo rahisi, yaani pembeni, kwenye tishu laini, na mgonjwa anarudi akiwa na duara lililovimba kuzunguka kovu lake. Anayemjaza akiona halijapanda, anaongeza. Wakija kwangu, kazi ya kwanza ni kuondoa, siyo kuongeza.

Bonde lililoshikwa linataka kufunguliwa kwanza. Tunapitisha sindano yenye makali chini ya kovu, kwa ulalo, na kuzikata zile nyuzi moja moja. Mkono unazisikia zikikatika: kuna ukinzani, kisha mkwaruzo mdogo, kisha sindano inakwenda huru. Ngozi ikishaachiwa, damu kidogo hujikusanya chini yake, na wengi wetu tunaweka mafuta au fila kidogo ili pande mbili zisishikane upya. Zinaweza kushikana hata hivyo. Nawaambia wagonjwa mapema kwamba huenda tukarudia baada ya wiki kadhaa, kwamba michubuko inaweza kuteremka hadi kwenye kope, na kwamba mishipa ya fahamu ya paji hupanda mpaka utosini, hivyo ganzi ya kichwani kwa muda isiwashtue. Vitabu huandika hatua hii kwa mistari miwili. Kwangu ndiyo kazi yenyewe, na bado sijui kumtabiria mtu kwa uhakika nani nyuzi zake zitarudi.

Sasa hilo la "inayeyushwa". Inayoyeyushwa ni fila ya asidi ya hayaluroniki, kwa kimeng'enya chake maalumu. Fila za kalsiamu na za asidi ya polilaktiki hazijali kimeng'enya hicho. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni fila tu", muulize ni ya nini, na jina lake uliandike.

Tena kuyeyusha kunasaidia ukiwa na muda. Ateri mbili za kila upande wa paji, moja takriban sentimita 1.7 kutoka mstari wa katikati na nyingine karibu 2.7, ni matawi ya ateri ya jicho. Zinatokea kwenye ukingo wa tundu la jicho zikiwa chini karibu na mfupa, kisha kadiri zinavyopanda huja juu, karibu na ngozi. Maana yake hakuna kina kimoja kilicho salama paji zima. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya ateri na mtu akasukuma kwa nguvu, fila inaweza kurudi nyuma kinyume cha mkondo wa damu mpaka kwenye ateri ya jicho, na msukumo ukiachwa, damu ikaipeleka mbele hadi kwenye ateri ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ikikaa dakika tisini bila damu, retina imeshaharibika vibaya. Kuona kukipotea kwa namna hiyo, mara nyingi hakurudi, hata kimeng'enya kikiwa mezani. Ndiyo, ni nadra. Nadra si sababu ya kufanyiwa saluni na mtu asiye na kimeng'enya chumbani na asiyejua dalili: maumivu makali ya ghafla, ngozi kupauka au kuwa na madoa ya mtandao, jicho kuona giza. Mimi hutumia kanula, yaani sindano ndefu yenye ncha butu, nachoma kidogo kidogo, polepole, na bado mapigo ya moyo wangu huwa juu kidogo. Kanula hupunguza hatari, haiifuti.

Kuna wanaokimbilia mafuta yao wenyewe wakidhani ni salama kwa kuwa "ni asili". Mafuta nayo yamewahi kupofusha watu, na hayo hayana cha kuyayeyusha. Hata hivyo nayapenda kwa bonde pana, laini, lisiloshikwa. Tunayavuta tumboni au pajani, tunayasafisha, tunayaweka kwa matone madogo ili kila tone lipate damu. Wazo ni la zamani: Gustav Neuber wa Ujerumani alihamisha mafuta kujaza kovu la uso mwaka 1893. Zaidi ya karne imepita na bado hakuna anayeweza kukuahidi kiasi kitakachobaki. Tunasema nusu, kwa sababu nusu ni rahisi kusema. Wapo wanaobaki na zaidi, wapo ambao karibu yote hunyweka, na paji, lenye ngozi iliyokaza na msuli usiotulia, si shamba zuri. Tena mafuta yaliyoshika hufuata uzito wako: ukinenepa sana, bonde linaweza kugeuka kilima.

Mfupa nitaupitia haraka, kwani hapo kwa kawaida hatujadili sindano. Ukuta wa nje wa sainasi ukibonyezwa na ajali, dirisha zuri la kuuinua ni kama wiki mbili za mwanzo. Baadaye mfupa unashikana ulipo, na kinachobaki ni kuusawazisha kwa juu. Tunatumia simenti ya mfupa, wavu wa titani, au kipande kilichochongwa kwa kufuata CT ya mgonjwa. Simenti ya akriliki hutoa joto kali inapoganda, kwa hiyo tunaimwagia maji baridi. Simenti ya haidroksiapataiti, ya madini kama ya mfupa, siitaki karibu na sainasi iliyo wazi, hupata maambukizi. Bonde dogo la mfupa lisiloshikwa, kwa mtu asiyetaka upasuaji, naweza kulifunika kwa fila, nikimweleza kwamba atakuwa akirudia.

Halafu kuna mabonde yasiyotakiwa kuguswa kwa sasa. Bonde lililotokea baada ya sindano ya steroidi mara nyingi hujaa lenyewe ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Kuvumilia hakugharimu kitu. Bonde la baada ya kugongwa, ambalo mfupa wake ni mzima, huliachia miezi isiyopungua sita. Na bonde la wima, mfano wa kovu la upanga, linalorefuka bila jeraha lolote, likiingia kwenye nywele na kuacha mstari wa upara, linaweza kuwa skleroderma ya mstari, ugonjwa unaokaza ngozi na kula tishu zilizo chini yake. Huyo ni mgonjwa wa daktari wa ngozi kabla hajawa wangu. Akiwa na maumivu ya kichwa au degedege anahitaji MRI, picha ya kuangalia ubongo. Kumjaza ugonjwa ukiwa bado unakula tishu ni kupoteza fila na muda wake. Tunangoja utulie, na kutulia huko tunakupima kwa miezi mingi, na mara nyingine hata hatuafikiani kama umetulia.

Botox? Hulegeza msuli, haijazi kitu. Inasaidia tu pale bonde linapoonekana wakati nyusi zinapopanda, na ukizidisha, nyusi zinashuka.

Mkija, leteni picha za zamani zenye mwanga wa kawaida, tarehe ya jeraha, na jina la chochote mlichowahi kuchomwa hapo. Anayesema "sikumbuki, ilikuwa ya bei nzuri" ajue tutaanza na ultrasaundi.

Na aliyegongwa paji jana au juzi, akiinama maji maangavu yasiyo na rangi, yenye ladha ya chumvi, yanamtoka puani, asisubiri miadi yangu. Aende idara ya dharura sasa hivi. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo.