Sheria ya Texas haijataja leveli ya ala ya bastola

Mazungumzo ya kubeba bastola waziwazi huko Texas yakifika kwenye ala, yaani mfuko wa kubebea bastola mwilini, hakosekani mtu wa kusema kwa uhakika: "Sheria inataka leveli ya 2." Leveli ni kiwango cha jinsi ala inavyoishikilia bastola isichomolewe na mtu mwingine. Ndugu zetu wa Houston na Dallas nao wameshaidaka na kuisambaza. Sharti hilo halimo kwenye sheria.

Maana kwanza, kwa ufupi. Ala ya kuzuia ni ile inayoishikilia bastola mpaka mwenyewe aamue kuichomoa, ama kwa kuibana, ama kwa kamba ya kufunguliwa kwa dole gumba, ama kwa kufuli la ndani. Wengi hudhani kazi yake ni bastola isianguke ukikimbia. Hilo ni dogo. Kinachoogopwa zaidi ni mkono wa mtu mwingine, hasa ukiwa kwenye foleni ya duka na bastola yako inaonekana na kila aliye nyuma yako.

Leveli zilitokana na Bill Rogers, aliyewahi kuwa ofisa wa FBI. Katika jaribio lake, mtu hushika mpini wa bastola iliyo kwenye ala kiunoni na kuivuta kwa nguvu zake zote kwa sekunde 5. Isipotoka, ala imepata leveli ya 1. Kizuizi cha kwanza kikishafunguliwa, huvutwa tena. Ikihimili, ni leveli ya 2, na kuendelea. Lakini hicho ni kipimo cha watengenezaji, wala si wote wanaokifuata. Wapo wanaohesabu vizuizi tu, hata ule mbano wa kawaida wakautia kwenye hesabu. Kwa hiyo ala mbili zenye namba 2 huenda zisishikilie sawa.

Sasa sheria yenyewe. Muswada HB 910, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2016, uliwaruhusu wenye leseni kubeba bastola ikionekana, mradi iwe kwenye ala ya begani au ya mkanda. Basi. Nadhani mkanganyiko ulianzia hapa: sheria hiyo hiyo iliagiza darasa la leseni lifundishe matumizi ya ala za kuzuia. Watu walifundishwa, wakatoka darasani wakiamini wameamriwa. Somo la darasani na sharti la kisheria ni vitu viwili.

Halafu mwaka 2021 ukaja HB 1927, ulioanza kutumika tarehe 1 Septemba. Maneno "ya begani au ya mkanda" yakafutwa, ikabaki ala tu, na mwenye miaka 21 au zaidi asiyezuiwa na sheria akaruhusiwa kubeba bila leseni. Ajabu yake ni kwamba asiyechukua leseni halazimiki hata kupita kwenye lile darasa.

Askari na walinzi wa kampuni wana mambo yao. Mlinzi akiambiwa na mwajiri avae ala ya leveli ya 3, ataivaa, ila hilo ni agizo la kazi. Mara nyingi huyu ndiye anayekwenda kumwambia shemeji yake kwamba "sheria inasema".

Basi akikuambia tena, usigombane naye. Mwambie tu kwamba ala nzuri ni ushauri wa maana, na anayeufuata anafanya vyema, lakini Texas inachodai kwa bastola inayoonekana ni iwe ndani ya ala.