Pindo la nusu inchi si bati la kupotea

Juzi Kibosho mwenye nyumba kanisimamia akihesabu vipande vya flashingi, yaani bati la kuzuia maji kwenye maungio ya paa. "Fundi, bati lina inchi 48. Flashingi ni inchi 8, zilitakiwa zitoke 6. Mbona ni 5?" Hesabu yake ni sahihi. Pindo la nusu inchi, yaani ukingo uliokunjwa ukajilalia, linafanya kila kipande kitumie inchi 8 na nusu, na cha 6 hakipatikani. Inabaki inchi 5 na nusu, namkabidhi mwenyewe mkononi. Lakini hili la "unanipotezea bati" nimechoka kulisikia, kwa sababu hiyo nusu inchi ndiyo inayoibeba kazi yote.

Chukua kipande cha geji 30 (bati jembamba), urefu futi 8, kisicho na pindo, ukiinue kwa ncha mbili. Kinanesa, ukingo unapiga mawimbi. Mawimbi hayo hayo utayaona kutoka barabarani jua la jioni likimulika ukutani. Sasa kipinde nusu inchi tu: ukingo unanyooka kama rula. Bati ni lile lile, ila pale ukingoni yamelaliana mawili. Upepo hauuchezeshi, misumari hailegei. Na makali yamejificha ndani. Atakayepanda kusafisha gata hachaniki kiganja.

Mashine ya kubebeka ya kukunjia bati haifungi pindo kwa mara moja. Nanyanyua bawa, ule ubao wake unaokunja, mpaka ligome, natoa bati, nalirudisha chini ya taya inayobana, nabana. Kona nyingine zizidishwe kidogo, maana bati hurudi ukiliachia. Grenda sitaki kuiona karibu na bati la rangi: cheche zinaunguza rangi na zinki. Mkasi upo.

Kinachonisumbua ni kiasi cha kubana. Pindo likilala kabisa, ukingo unakaza vizuri, lakini rangi ya mgongoni huweza kupasuka. Nimeiona mistari yake, myembamba kama unywele. Nikiacha mwanya wa unene wa kadi ya benki, rangi inapona na maji yanapata pa kutokea, ila ukingo unalegea kidogo. Moshi mjini nabana. Huku juu Kibosho kwenye mvua nyingi siku hizi naacha mwanya, na bado mkono unasita kila ninaposhika mpini.

Vile vya inchi 5 na nusu tumevikunja vikawa kingo za banda la ng'ombe. Navyo nimevipiga pindo, na safari hii mwenye nyumba ndiye aliyeshika upande wa pili.