Kabla ya Kumnunulia Mbwa Wako Probayotiki

Mteja mmoja aliwahi kuniwekea mezani kopo la unga lililokuja kutoka Dubai ndani ya mizigo ya shemeji yake, lenye picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa na maandishi makubwa yanayotangaza bakteria rafiki wa aina 12. Mbwa wake, jike chotara la German Shepherd lenye umri wa miaka 3, alikuwa ameula unga huo kwa wiki 5, na bado alikuwa akitoa kinyesi laini cheusi na kuzidi kukonda. Swali lake lilikuwa kama aongeze kipimo au atafute kopo jingine. Nilimfunua mbwa midomo nikaona ufizi umepauka, kisha nikaomba kinyesi cha asubuhi ile. Chini ya hadubini, mayai ya minyoo ya safura yalikuwa mengi kiasi kwamba sikulazimika kuyatafuta. Dawa ya minyoo iliyomponya iligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kopo lile.

Simlaumu mteja huyo, kwa sababu bidhaa hizi huuzwa kana kwamba tumbo la mbwa lina ugonjwa mmoja tu. Kuharisha ni dalili, na nyuma yake panaweza kuwa na minyoo, jiadia (kijidudu kinachoishi utumboni), virusi vya parvo, chakula kilichobadilishwa ghafla, mfupa uliookotwa jalalani, kongosho lililochoka au utumbo wenye uvimbe wa muda mrefu. Ndiyo maana mtu anaponiuliza probayotiki ipi ni nzuri, mimi humuuliza kwanza nzuri kwa tatizo gani.

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea faida ya kiafya yule anayevipokea. Maelezo hayo ni mafupi, lakini yana masharti matatu ambayo bidhaa nyingi za dukani hushindwa kuyatimiza: vijidudu viwe hai siku mbwa anapovimeza, idadi yake itoshe, na faida yake iwe imeonekana katika majaribio. Sharti la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu faida haiendi na jina la jumla la bakteria, bali huenda na straini, yaani uzao mahususi ndani ya spishi moja. Lebo inayosema "Lactobacillus acidophilus" na kuishia hapo ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa Juma wa Tanga. Tanga ina akina Juma wengi, na si wote watakaomfungulia mlango. Lebo ya mtengenezaji makini hutaja jenasi, spishi na kisha alama ya straini, kwa mfano Enterococcus faecium SF68 au Bifidobacterium animalis AHC7, ili mimi na wewe tuweze kutafuta majaribio yaliyofanywa kwa straini hiyo hiyo na kwa mbwa, si kwa panya wala kwa binadamu.

Nikishaliona jina hutazama idadi, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi CFU, yaani vijidudu hai vinavyoweza kuzaana vikafanya kundi. Hapa pana mtego wa maneno. Mtengenezaji mmoja huahidi idadi iliyokuwapo siku ya kutengenezwa, mwingine huahidi idadi itakayokuwapo hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, na ahadi hizo mbili zinaweza kutofautiana sana. Mimi huiamini ile ya pili. Ukubwa wa namba peke yake hauniambii kitu, kwani kipakiti maarufu cha SF68 hubeba takriban milioni 100, ilhali mchanganyiko wa straini nyingi uliojaribiwa kwa mbwa wenye uvimbe sugu wa utumbo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulitolewa kwa zaidi ya bilioni 100 kwa kila kilo 10 za uzito. Kila moja ilikuwa na kazi yake na kipimo chake.

Je, lebo husema kweli? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kupima bidhaa 25 za probayotiki zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya wanyama. Kati ya bidhaa 15 zilizotaja idadi mahususi, 4 tu ndizo zilizofikia au kuvuka kile zilichokidai, na zilizokuwa na lebo inayokubalika pamoja na idadi iliyotimia zilikuwa 2 tu kati ya zote 25. Hizo zilipimwa katika nchi ya baridi yenye umeme wa uhakika. Hebu fikiria kopo hilo hilo likiwa limekaa kontenani kwenye jua la bandarini, kisha rafu ya duka la dawa za mifugo lisilo na kiyoyozi mwezi Februari, kisha jokofu la nyumbani linalozimika kila umeme unapokatika. Bakteria waliokaushwa wakawa unga hufa taratibu kwa joto, na hufa upesi zaidi kwa joto lenye unyevu, ambalo ndilo joto la pwani yetu. Kwa sababu hiyo napendelea vipakiti vilivyofungwa kimoja kimoja kuliko kopo kubwa linalofunguliwa kila siku, na mahali ambapo sina imani na jokofu hufikiria bidhaa zenye bakteria wa kundi la Bacillus, kama vile Bacillus coagulans na Bacillus subtilis, ambao hujigeuza kuwa kama mbegu ngumu (spora) na kuvumilia joto vizuri zaidi. Uvumilivu huo hauthibitishi kwamba watamsaidia mbwa wako, unathibitisha tu kwamba huenda wakafika wakiwa hai.

Kuna jambo dogo ambalo limeniharibia matibabu mara nyingi kuliko lebo za uongo. Mhudumu wa nyumbani hupewa kipakiti, akakichanganya kwenye ugali uliotoka jikoni muda huo huo. Bakteria waliosafiri kutoka Ulaya wakavuka joto la bandari wanaishia kupikwa kwenye sufuria ya mbwa. Chakula kipoe kwanza mpaka uweze kuweka kidole bila kukitoa haraka, ndipo unga unyunyiziwe juu.

Kuhusu ushahidi wenyewe, nasema kwa tahadhari: upo, ila ni mdogo kuliko matangazo yanavyodai, na si sawa kwa kila straini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, mbwa wenye kuharisha kwa ghafla kusiko na chanzo kinachojulikana, waliopewa Bifidobacterium animalis AHC7, walipona kwa wastani wa siku 3.9, huku waliopewa kisichokuwa na dawa wakichukua siku 6.6. SF68 nayo ilijaribiwa katika makao ya mbwa na paka wasio na wenyewe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba paka walinufaika ilhali kwa mbwa tofauti haikuonekana, jambo linalokumbusha kwamba mafanikio ya mnyama mmoja hayahamishiki kwa mwingine bila kupimwa. Mwaka 2019 likachapishwa jaribio la mbwa 60 ambao baadhi walipewa probayotiki, baadhi metronidazo (antibayotiki iuzwayo kwa jina la Flagyl), na baadhi kisichokuwa na dawa. Tofauti kati ya makundi hayo haikuwa ya kutegemewa kitakwimu, kwa kuwa wengi walipona wenyewe ndani ya siku chache.

Jaribio hilo nalipenda kwa sababu linagusa tabia yetu ya kukimbilia Flagyl. Metronidazo si dawa mbaya, lakini kumpa mbwa kila anapoharisha mara mbili ni kumharibia jamii ya bakteria wake wa utumboni bila sababu. Hata mbwa wazima walipopewa dawa hiyo katika utafiti, mabadiliko katika kinyesi chao yaliendelea kuonekana wiki kadhaa baada ya kuiacha, hasa upungufu wa bakteria wanaogeuza asidi za nyongo, kazi ambayo ni nguzo ya tumbo lililotulia. Kati ya kumpa mbwa mchangamfu mwenye kuharisha kwepesi metronidazo na kumpa probayotiki yenye jina kamili, mimi huchagua probayotiki, si kwa kuwa nina hakika itamponya bali kwa kuwa madhara yake ni madogo zaidi. Ikiwa antibayotiki inahitajika kweli, tenganisha dozi yake na ya probayotiki kwa saa 2 au zaidi, au tumia Saccharomyces boulardii, ambayo ni jamii ya hamira na kwa hiyo haiuawi na antibayotiki. Huuzwa kwenye maduka ya dawa za binadamu na imewasaidia wagonjwa wangu kadhaa, ila dawa za fangasi huiua.

Wengi hunitajia mtindi. Kijiko kimoja au viwili vya mtindi usio na sukari havitamdhuru mbwa mzima ambaye tumbo lake linavumilia maziwa, lakini sivihesabu kuwa tiba, kwa kuwa hatujui vina straini gani wala kiasi gani. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa bidhaa za binadamu za kutafuna au za maji zenye utamu. Zikiwa na zailito, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol, zinaweza kushusha sukari ya damu ya mbwa kwa hatari na kuharibu ini lake. Soma orodha ya viambato hadi mwisho.

Nyuzinyuzi hazizungumzwi sana kwa sababu hazina faida kubwa kwa muuzaji. Mbwa anayetoa kinyesi kidogo kidogo mara nyingi, chenye ute na wakati mwingine uzi wa damu mbichi, huku akijikamua, kwa kawaida ana tatizo la utumbo mpana, na wengi wa namna hiyo hutulia kwa maganda ya isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi) yanayopatikana katika maduka ya Wahindi mjini, yakilowekwa kwenye chakula chenye maji ya kutosha. Naanza na nusu kijiko cha chai kwa mbwa mdogo, na kijiko kimoja cha chakula kwa mbwa mkubwa, kisha narekebisha kwa kutazama kinyesi. Boga lililochemshwa bila chumvi ni mbadala dhaifu kidogo lakini la heshima.

Kirutubisho kinachoweza kuokoa uhai ni vimeng'enya, yaani vitu vya mwilini vinavyosaga chakula, ila navyo huuzwa hata kwa mbwa wasiovihitaji. Mbwa mwenye kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha hula kama aliyefungiwa njaa, hukonda hadi mbavu zikahesabika, na hutoa kinyesi kingi, cha rangi hafifu na chenye mafuta. German Shepherd ndiye anayeongoza kwa ugonjwa huu, na dalili huja kongosho likiwa limekwisha kupoteza takriban sehemu 9 kati ya 10 za uwezo wake. Kipimo chake ni cha damu, kiitwacho TLI, kinachochukuliwa mbwa akiwa hajala. Mbwa huyu anahitaji unga wa kongosho katika kila mlo maisha yake yote. Vidonge vilivyopakwa ganda la kuhimili asidi ya tumbo, vile wanavyopewa binadamu, mara nyingi havimsaidii kama unga unavyomsaidia. Papai na vidonge vyenye vimeng'enya vya mimea navyo haviwezi kuchukua nafasi hiyo, kwa kuwa papai humeng'enya protini, ilhali kinachomtesa mbwa zaidi ni mafuta.

Unga huo ni ghali na mara nyingi haupatikani, hivyo baadhi ya wateja wangu hutumia kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni, likakatwakatwa na kugandishwa kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Njia hii hufanya kazi, maana kupika kungeua vimeng'enya. Sharti langu ni kwamba nyama iwe imepitishwa na mkaguzi, kwa sababu kumlisha mbwa viungo vibichi vya mifugo ndiyo njia inayoendeleza tegu aina ya Echinococcus, ambaye mayai yake humpa binadamu malengelenge makubwa ya ini na mapafu. Mbwa wa namna hii namwekea pia ratiba ya prazikwanteli, dawa ya tegu. Wengi wao hupungukiwa vitamini B12, na isipopimwa na kurudishwa, vimeng'enya peke yake havitoshi kumrudishia uzito. Tangu utafiti wa mwaka 2016 ulipoonyesha kwamba vidonge vya kila siku vinapandisha B12 ya mbwa, siwalazimishi tena wateja wote kuja kila wiki kwa sindano.

Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo, anayetapika na kuharisha damu, asipewe probayotiki nyumbani huku akisubiriwa apate nafuu. Huyo aletwe siku hiyo hiyo, kwa sababu parvo huua kwa kukausha mwili ndani ya siku chache. Mbwa aliye mahututi au anayetumia dawa za kushusha kinga sipendi apewe vijidudu hai bila usimamizi. Na mbwa aliye kwenye chakula maalumu cha kupima mzio asipewe kipakiti chenye ladha ya ini la kuku, kwani kipakiti kimoja kinaweza kuvuruga jaribio la wiki 8.

Ukishachagua, anza kitu kimoja tu, usibadilishe chakula wala kuongeza kingine, na uandike kila siku kinyesi kilitoka mara ngapi na kikoje, kuanzia kigumu kama kokoto hadi maji matupu. Kwa kuharisha kwa ghafla kipe siku 3, na kwa tatizo la muda mrefu kipe wiki 4. Kama daftari halionyeshi mabadiliko, acha kununua, ulilete hilo daftari pamoja na kinyesi cha asubuhi hiyo ndani ya kichupa safi, na kopo lenyewe ulibebe nisome lebo.