Krismasi au Noeli?

Mswada wa kitabu cha sala ulinifikia ukiwa umejaa wino mwekundu. Kila palipoandikwa "Krismasi", neno lilikatwa na "Noeli" likaandikwa juu yake. Pembeni kulikuwa na maelezo mafupi: Krismasi ni Kiingereza, Noeli ni letu. Nimehariri na kutafsiri maandishi ya dini kwa miaka mingi na hoja hii naijua. Inanigusa, kwa kuwa anayeitoa anaipenda lugha yake. Lakini si sahihi.

Yote mawili tumeyakopa. Krismasi asili yake ni Kiingereza cha kale, Cristes mæsse, neno linaloonekana katika maandishi tangu mwaka 1038, na maana yake ni misa ya Kristo. Ukilipasua hivyo, hukuti kipande kilicho kigeni kwetu. Kristo ni jina la Kigiriki lenye maana ileile ya Masihi wa Kiebrania, yaani aliyepakwa mafuta. Misa nayo ni missa ya Kilatini, neno linalotokana na maneno ya kuwaaga waumini ibada inapokwisha: Ite, missa est. Kwa hiyo anayesema Krismasi anataja ibada, hata kama hajui. Wapuritani wa Uingereza katika karne ya 17, Waprotestanti waliotaka kuondoa mabaki ya Ukatoliki kanisani, walilijua sana jambo hilo. Baadhi yao walilikwepa jina lenyewe kwa sababu ya ile misa iliyomo ndani yake, na mwaka 1647 Bunge likaifuta sikukuu yenyewe.

Noeli limefuata Noël ya Kifaransa, ambayo mzizi wake ni natalis ya Kilatini: ya kuzaliwa. Waitalia wanasema Natale, Wareno Natal. Vasco da Gama alipopita pwani ya kusini mwa Afrika wakati wa Krismasi ya mwaka 1497 aliiita Natal, na jina hilo bado limo katika KwaZulu-Natal. Waarabu nao husema Eid al-Milad, sikukuu ya kuzaliwa. Hapo msomaji wa Kiswahili asipite haraka: milad na Maulidi yetu ni matawi ya mzizi mmoja.

Si kila taifa lilichagua kati ya ibada na kuzaliwa. Weihnachten ya Wajerumani ni "usiku mtakatifu", tena kwa wingi. Jul ya nchi za Skandinavia ni ya zamani kuliko Ukristo wenyewe huko; ilikuwa sikukuu ya katikati ya majira ya baridi, Wakristo wakaipa maana mpya.

Niseme pia kuhusu ile "Xmas" inayowaumiza wengi, wakidhani Kristo amefutwa na kuwekewa alama ya kosa. X hiyo ni herufi ya Kigiriki inayoitwa khi, herufi ya kwanza ya Χριστός, yaani Kristo. Wanakili wa Kikristo waliifupisha hivyo karne nyingi kabla ya matangazo ya biashara. Hata hivyo, kwa Kiswahili siishauri. Kifupisho hicho kinaegemea tahajia ya lugha nyingine, na msomaji wetu hana namna ya kukitamka. Andika Krismasi, kwa herufi kubwa, ukifuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI: Krismasi imefika, Krismasi zilizopita.

Basi nilifanyaje na ule mswada? Katika nyimbo na sala zinazomtaja Mtoto horini niliiacha Noeli, maana hapo ndipo neno lilipo nyumbani. Katika maelekezo ya mkesha na ya ibada ya tarehe 25 Desemba niliirudisha Krismasi. Katika heri za mwisho wa kitabu niliyaweka yote mawili, "Heri ya Krismasi" na "Noeli njema", kwa kuwa waumini wanayasema yote mawili.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo si Krismasi wala Noeli iliyofaa. Sentensi ilitaja "wiki nne za Krismasi", ikimaanisha siku za kungoja kabla ya sikukuu. Kwa kalenda ya kanisa, Krismasi ndiyo kwanza huanza jioni ya tarehe 24. Hapo nilikata maneno yote mawili, la mwandishi na la kalamu nyekundu, nikaandika Majilio.