Kwa nini pundamilia ana milia? Simba hahusiki

Muulize yeyote sababu ya milia ya pundamilia na jibu utalipata hapo hapo: ni ya kumficha asionwe na simba. Mwingine ataongeza kwamba kundi likitimua mbio milia inachanganyikana, simba akabaki hajui amkamate yupi. Ni jibu tamu. Tatizo ni kwamba aliyelitunga alitumia macho ya binadamu.

Mwaka 2016 mtafiti Amanda Melin na wenzake walichukua picha za pundamilia zilizopigwa Tanzania, wakazichuja kwa kompyuta zionekane kama zinavyoonwa na simba na fisi. Mchana, ukipita umbali wa mita 50, simba haoni milia kabisa. Jioni giza likianza kuingia, ni mita 30 tu. Kwa umbali huo anachokiona ni mnyama wa kijivu, na kwenye uwanda wa wazi umbo lake linaonekana vizuri sawa na la mnyama mwingine yeyote asiye na milia. Simba akisogea hadi milia imtokee, harufu na sauti zimekwisha kumwambia nani yuko mbele yake.

Halafu tazama mwenendo wa pundamilia mwenyewe. Digidigi akishtuka huganda kichakani hadi umpite. Pundamilia hushinda kweupe, na kelele zake zinasikika mbali. Hizo si tabia za mtu anayejificha. Na simba wa Serengeti wanamla bila taabu yoyote maalumu.

Ile habari ya kundi kumchanganya simba imejaribiwa kwa kuwapa watu kazi ya kufukuza vitu vyenye milia kwenye skrini ya kompyuta. Majibu yamepingana, na hata yangekubaliana, mtu aliyekaa kwenye kiti si simba mwenye njaa. Wapo pia waliosema milia hupoza mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Hungaria walijaza maji mapipa, wakayavika ngozi za pundamilia, farasi na ng'ombe, wakayaanika juani. Pipa la pundamilia halikupoa kuliko mengine.

Anayehusika, kwa ushahidi uliopo, ni nzi. Nasema hasa pange, yule nzi mkubwa anayeng'ata hadi damu inatiririka. Tim Caro, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Hifadhi ya Katavi, alishirikiana na wenzake mwaka 2014 kulinganisha jamii yote ya farasi na punda: nani ana milia, wapi mwilini, na anaishi wapi. Milia ilifuata maeneo yenye nzi wang'atao, haikufuata simba wala misitu. Na si wote wenye milia mwili mzima: punda mwitu wa Somalia, kwa mfano, ana milia miguuni tu.

Jaribio lililofuata lilifanyika mbali na nyika, kwenye shamba la farasi huko Somerset, Uingereza, ambako kulikuwa na pundamilia wa kufugwa. Pange waliwazunguka pundamilia sawasawa na walivyowazunguka farasi. Lakini waliotua kwenye pundamilia walikuwa kama robo tu ya waliotua kwenye farasi. Watafiti wakawavika farasi majoho: jeusi, jeupe, na la milia. Kwenye joho la milia walitua wachache sana. Kichwani, ambako joho halikufika, pange walitua kama kawaida. Kwa hiyo si harufu.

Video zilionyesha kinachotokea. Mfikirie dereva wa bodaboda anayemwendea abiria kando ya barabara. Hapimi umbali kwa rula. Anaangalia jinsi abiria anavyozidi kuwa mkubwa machoni pake, ndipo anapunguza mwendo. Sasa abiria huyo, akibakiza hatua chache, agawanyike ghafla kuwa vipande vyembamba vyeusi na vyeupe. Hakuna tena kitu kimoja kinachokua. Dereva hashiki breki. Anampita, au anamgonga. Ndivyo ilivyokuwa kwa pange: kutoka mbali waliona mnyama wakaja, lakini karibu na ngozi hawakupunguza mwendo, wakapitiliza au wakajigonga na kudunda.

Kwa nini hasa jicho la pange linashindwa, hapo bado kuna ubishi. Mwanzoni ilidhaniwa ni kiini macho cha mistari inayokimbia, lakini joho la mirabaraba kama ubao wa drafti nalo liliwafukuza. Utafiti wa mwaka 2023 unaelekea kwenye maelezo mepesi zaidi: pange hupenda doa kubwa jeusi, na milia inalikatakata. Kwa nini basi nyati na nyumbu hawana milia? Inadhaniwa ni kwa kuwa manyoya ya pundamilia ni mafupi, mdomo wa nzi unapenya kirahisi, na kwamba jamii ya farasi huumizwa vibaya na magonjwa yanayoenezwa na nzi. Sehemu hii ya hoja ndiyo dhaifu.

Huko Japani, Tomoki Kojima na wenzake waliwapaka ng'ombe weusi milia myeupe, na nzi waliotua wakapungua kwa karibu nusu. Mwaka 2025 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kilichobaki ni kupata rangi itakayodumu mwilini mwa ng'ombe msimu mzima wa nzi.