Mzee anapaliwa kila akila: maswali mnayotuuliza wodini

Shida ya kumeza ni nini hasa?
Ni pale chakula, maji au hata mate yanashindwa kushuka vizuri kwenda tumboni, yanakwama au yanaingia njia ya hewa. Kwa wazee tunaowapokea, mara nyingi chanzo ni kiharusi, Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa) au ugonjwa wa kusahau.

Lakini si uzee tu? Bibi ana miaka 80, kupaliwa si kawaida?
Hapana. Uzee unafanya kumeza kuwe kwa taratibu, hilo sawa, ila kupaliwa kila siku sio uzee. Mnakaa nae nyumbani miezi anakohoa kila akinywa chai, sauti inakuwa kama ina maji maji, anakonda, homa zinakuja na kuondoka anapewa dawa ya malaria bila kupimwa, halafu mnamleta kifua kimeshajaa nimonia. Kupaliwa kila siku sio uzee, mleteni mapema jamani. Na wapo ambao hawakohoi kabisa, koo limepoteza hisia, chakula kinaingia mapafuni kimya kimya.

Nimesikia kuna tiba ya kuamsha koo kwa barafu na pilipili, ni kweli?
Ni kweli, ipo. Mtu anameza pale koo likihisi kitu na kupeleka taarifa kwenye ubongo, sasa kwa mzee hisia hizo zimefifia, taarifa inachelewa na njia ya hewa inakuwa bado iko wazi. Kwa hiyo mtaalamu analishtua koo: anagusa pande mbili za nyuma ya mdomo kwa kifaa cha baridi sana, au anatumia uchachu wa ndimu, au ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, kapseini. Sehemu nyingine wanatumia umeme mdogo. Wajapani mwaka 2006 walitoa utafiti wa wazee wenye kiharusi waliokuwa wananusishwa mafuta ya pilipili manga kwa dakika moja kabla ya kila mlo, kwa siku 30, na kumeza kwao kukawa kwa haraka zaidi. Hata joto la kinywaji lina kazi yake, kilicho vuguvugu kama mwili koo linachelewa kukihisi kuliko cha baridi. Ila faida ya baridi haikai muda mrefu, na tiba hizi zinaenda pamoja na mazoezi ya kumeza, sio peke yake.

Basi naweza kumkamulia ndimu nyumbani?
Usifanye hivyo. Koo ambalo halijapimwa ukilimwagia ndimu au maji ya pilipili yanaingia mapafuni, umemuongezea ugonjwa. Mpeleke kwanza kliniki ya masikio, pua na koo, au kliniki anayohudhuria kwa ajili ya kiharusi, apimwe anavyomeza, halafu muulize kama tiba hiyo inamfaa yeye.

Hataki kula, tumnyweshe uji kwa bomba la sindano akiwa amelala?
Hapana, hapana kabisa. Hili tunaliona kila wakati na linaua. Nia yenu ni nzuri najua, lakini mtu aliyelala chali ukimsukumia uji unampelekea mapafuni. Na tonge likikwama msimpe maji mengi ati lishuke, maji ndo yanakimbia kuliko uwezo wake wa kuyameza. Mkalishe wima, awe macho kabisa, kijiko kidogo, subiri ameze ndo uongeze, akimaliza abaki amekaa kama nusu saa. Mswakini asubuhi na jioni hata kama hana meno, uchafu wa mdomoni ukishuka kifuani ndo nimonia yenyewe.

Amepata kiharusi sasa hivi, tumpe maji ya sukari?
Msimpe kitu chochote mdomoni, sio maji, sio chai, sio dawa, mpaka hospitali wapime kama anameza. Mwahisheni tu. Na yule wa nyumbani anayepaliwa kila siku, akianza kupumua kwa shida, midomo ikabadilika rangi au akapata homa, ni leo leo, msingoje kesho wala mtoto wake afike kutoka safari.