Vilengeo vinavyong'aa havikuonyeshi unachokilenga

Wiki hii pekee wateja watatu wameniambia maneno karibu yaleyale: "Fundi, nifungie vilengeo vya tritiamu, nami nione usiku." Ombi hili nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandika.

Vilengeo ni vile vinundu vya juu ya bastola, cha mbele na cha nyuma, unavyovipanga ili kulenga; vya tritiamu vina nukta zinazong'aa zenyewe gizani. Tritiamu haikusaidii kuona usiku. Inakuonyesha vilengeo vyenyewe viko wapi, basi. Aliye mbele ya mtutu amebaki gizani vilevile.

Asiyeniamini nampeleka chumba cha nyuma. Ukutani nimebandika picha mbili za ukubwa wa mtu: mmoja kashika simu, mwingine kashika nyundo. Natoa magazini (kasha la risasi), nakagua chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), nakagua tena, nampa bastola, kisha nazima taa. Muda si mrefu ananiambia kwa furaha kwamba nukta tatu za kijani anaziona safi, zimekaa mstari mmoja. Namuuliza: uliyemlenga kashika nini? Wengi hunyamaza. Mmoja aliniapia kuwa ni nyundo. Nilipowasha tochi, alikuwa amemlenga mwenye simu, katikati ya kifua.

Tochi ikishawaka, vitazame tena vilengeo. Nukta za kijani huzioni; unaona umbo jeusi mbele ya ukuta wenye mwanga, na vilengeo vya kawaida vingefanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo faida ya tritiamu ni ya kipindi kifupi: magharibi inapoingia, au ukiwa kivulini na unachokitazama kina mwanga hafifu. Unakitambua vizuri, ila chuma cheusi kimezama kwenye nguo nyeusi. Hapo inastahili fedha yake. Kwenye giza totoro hukitambui kilicho mbele yako, na usichokitambua hukipigi risasi. Anayeniuliza aanze na nini namwambia tochi kwanza, mazoezi ya kuitumia pili, vilengeo baadaye.

Wengine huniletea vilengeo vya nyuzi za kioo wakilalamika kuwa "vimeharibika", usiku haviwaki. Havijaharibika. Uzi ule unakusanya mwanga uliopo na kuutoa nchani. Pasipo mwanga hauna cha kutoa. Mchana ni vizuri mno.

Tritiamu nayo haichajiwi kwa tochi. Ni gesi ndani ya kichupa cha kioo, na miale yake inaugonga unga maalumu uliopakwa ndani, ndio unaong'aa. Kinachohitaji kumulikwa kwanza ni rangi ya kung'aa, nayo hufifia kadiri muda unavyokwenda. Lakini tritiamu pia haidumu milele: kila baada ya miaka 12.3 hivi nusu yake imekwisha. Vilengeo vya miaka 15 vikififia, usimlaumu fundi. Na kuhusu hofu ya mionzi: ile miale haipenyi hata ngozi, wala haitoki nje ya kioo kizima. Kichupa kikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani, usishikeshike vipande.

Dhana nyingine ni kwamba nukta zote zing'ae sawa, tena kwa nguvu. Hapana! Gizani nukta tatu zinazofanana hukuchanganya: ya mbele inaweza kuhama hadi nje ya zile mbili za nyuma, nawe ukaona bado ziko tatu kwenye mstari. Mimi naiacha ya mbele ing'ae, za nyuma nazififisha au nazipaka nyeusi kabisa. Rangi nachagua kijani, kwa sababu jicho lililozoea giza hupokea vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 500, yaani wa kijani, na nyekundu karibu halioni kitu.

Kama fedha ni ndogo, rangi inatosha. Hakikisha silaha ni tupu. Futa kilengeo cha mbele kwa spiriti hadi mafuta yote yatoke, paka nyeupe kwanza, iache ikauke kabisa, kisha paka kijani au chungwa kali juu yake. Wengi huiruka ile nyeupe, halafu wanarudi kuniambia rangi haionekani.